Kinyesi cha Mbwa katika Nyua za Rungwe, na Njia ya Kukiondoa Bila Kuinama

Katika mas'ala ya usafi wa maskani yapo mambo ambayo watu wameyafanyia kanuni, wakayapangia zamu na vyombo, na yapo mengine ambayo kila mtu huyaona, akayapita, akitumaini kwamba mwenziwe atayashughulikia. Na miongoni mwa haya ya pili, kwa nchi ya Rungwe, sijui lililo dhahiri zaidi kuliko kinyesi cha mbwa kinachobaki uani, juu ya ukoka mbele ya nyumba, chini ya migomba na kando ya njia wanayopita watoto kwenda shule. Choo cha binadamu kina sheria yake na bwana afya wa kukikagua. Samadi ya ng'ombe ina thamani, hata jirani humwomba jirani. Kinyesi cha mbwa hakina bei wala hakina mwenyewe, na kwa kuwa hakina mwenyewe hakina chombo, na kwa kukosa chombo kila asubuhi hugeuka kuwa ta'abu ya mtu mmoja, aghalabu mama au bibi wa nyumba, ambaye ni lazima ainame na kukizoa kwa kipande cha gunzi au kwa jani, au akiache mvua ikisambaze.

Wala isidhaniwe kwamba watu wa Rungwe hawajali usafi. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita katika nchi ya Wanyakyusa mwaka 1879, miaka kumi na miwili kabla ya wamisionari wa Moravian kupiga kambi yao Rungwe, aliusifu sana unadhifu wa nyumba na nyua alizoziona chini ya migomba, na sifa hiyo haijapotea: mpaka leo mgeni anayeshuka Tukuyu kutoka Mbeya, akaingia katika vijia vya Kyimo au Katumba kabla jua halijapanda, atakuta nyua zimekwisha fagiliwa na mistari ya ufagio ingali udongoni. Kazi hiyo hufanywa kwa ufagio mfupi na kwa mgongo uliopinda. Mfagiaji anapofika penye kinyesi cha mbwa ufagio haumfai tena, kwa maana ukikipitisha juu yake umekipaka uwanja mzima, na mwenyewe umeuharibu ufagio, basi hukizunguka. Ndipo unapouona uwanja uliofagiliwa vizuri kabisa, na katikati yake visiwa viwili vitatu vilivyoachwa.

Mbwa wenyewe katika wilaya hii si wa anasa. Ni walinzi wa nyumba usiku, na mchana ni wasaidizi wa mkulima dhidi ya tumbili na ngedere wanaoshuka kutoka mabondeni kuyala mahindi na ndizi. Hutembea huru, hulala palipo na jivu la moto, hula mabaki, na haja zao huenda popote. Mbwa wa nyumba moja huchafua uwanja wa nyumba ya tatu. Kwa sababu hiyo hoja ya kwamba kila mwenye mbwa na akisafishe cha mbwa wake, ambayo ni hoja ya haki, haitoshi peke yake katika nchi ambayo nyumba hazitengwi kwa ukuta ila kwa mstari wa isale au migomba. Mwenye kutaka uwanja wake uwe safi hana budi kuwa na njia ya kuondoa uchafu asioujua umetoka kwa nani.

Sasa tuutazame udhia wenyewe, tujue kama wastahili maneno yote haya. Wengi huuhesabu kuwa ni wa pua na macho tu, nao hukipima kinyesi cha mbwa kwa kipimo cha samadi ya ng'ombe, ambayo hapa hushikwa kwa mikono tangu utotoni, hubebwa migombani, na hukandikwa sakafuni bila ya mtu kudhurika sana. Kipimo hicho ni kosa. Ng'ombe hula majani. Mbwa hula nyama, mizoga na matumbo ya wanyama waliochinjwa, na ndani ya utumbo wake huishi minyoo ambayo baadhi yake humwandama binadamu na mifugo. Mnyoo mviringo wa mbwa, uitwao na wataalamu Toxocara canis, hurithiwa na mtoto wa mbwa tangu tumboni mwa mama yake, na jike mmoja wa mnyoo huo aweza kutaga mayai zaidi ya laki moja kwa siku. Mtoto mdogo anayecheza udongoni, akatia vidole kinywani, huyameza; viluwiluwi huanguliwa tumboni mwake, wakasafiri katika ini na mapafu, na mara nyingine wakafika jichoni na kulipofusha. Wako pia minyoo wa safura ya mbwa, ambao viluwiluwi wao hupenya katika nyayo za mtu asiyevaa viatu, wakatambaa chini ya ngozi na kuacha mstari mwekundu unaowasha na kusogea siku hata siku.

Lipo jambo moja katika habari za minyoo hii ambalo, kwa maoni yangu, ndilo ufunguo wa mas'ala yote, nalo halisemwi vya kutosha. Yai la Toxocara likitoka leo halimdhuru mtu leo. Huhitaji wiki mbili au zaidi ndani ya udongo wenye unyevu kabla ya kuiva, na likiisha kuiva huweza kukaa hai kwa miaka, wala dawa za kawaida za kusafishia hazilivunji. Mayai ya safura ya mbwa huanguliwa katika siku moja au mbili palipo na joto na maji, na kwa kadiri ya wiki moja viluwiluwi wake wako tayari kupenya ngozi. Maana yake ni kwamba muda baina ya kuanguka kwa kinyesi na kuanza kwa hatari yake ni muhula tuliopewa, na mwenye kukiondoa siku ile ile amekata mzizi wa maradhi kabla haujashika, ilhali mwenye kungoja Jumamosi ya usafi amengoja mpaka viluwiluwi wameingia ardhini. Yuko mwingine asiyetoa muhula huo: ni tegu mdogo sana wa mbwa, Echinococcus, ambaye urefu wake ni milimita chache na mayai yake huwa tayari kuambukiza tangu saa yanapotoka. Huyu ndiye anayetia malengelenge makubwa ya maji katika ini na mapafu ya watu, na watu wa Turkana, kaskazini ya Kenya, waliteswa naye kupita karibu watu wote wa dunia, hata shirika la AMREF likaanzisha huko kampeni ya kumpiga vita mnamo mwaka 1983. Kwa ajili yake mkono usikiguse kinyesi, kiwe kibichi au kikavu. Na kwa ajili ya wale wa kwanza, kisilale.

Hali ya hewa ya Rungwe huufanya muhula huo kuwa mfupi na wenye thamani. Mji wa Tukuyu umekaa penye kimo cha kadiri ya mita 1,500, mvua yake hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na katika miezi ya masika hupita siku nyingi bila uwanja kukauka. Katika nchi kavu kinyesi hukakamaa, kikazolewa kama jiwe. Hapa mvua ya saa moja hukiyeyusha, ikakichukua kuteremka nacho katika mifereji na makorongo kuelekea kwenye chemchemi, ikakiacha juu ya mboga na juu ya majani ya malisho. Ajizi ya siku moja yatosha kuifanya kazi isiwezekane tena.

Na hapo inaingia habari ya ng'ombe wa maziwa, ambayo huenda ikawashawishi wale ambao habari ya minyoo haikuwashawishi. Wilaya hii huishi kwa chai, ndizi, viazi na maziwa, na ng'ombe wake wengi hufungwa bandani na kukatiwa majani ya tembo na gwatemala yaliyopandwa kando ya nyumba, yaani mahali pale pale mbwa wanapopenda kwenda haja. Kuna kijidudu kiitwacho Neospora, kilichoelezwa na wataalamu mwaka 1988, na miaka kumi baadaye ikathibitishwa kwamba mbwa hukitoa katika kinyesi chake; ng'ombe mwenye mimba akikila pamoja na majani huweza kutupa mimba, mara nyingi katikati ya muda wake. Mbwa naye hukipata kwa kula kondo la nyuma na ndama aliyekufa, vitu ambavyo wenye ng'ombe wengi huvitupa nje ya banda bila kufikiri. Mkulima aliyepoteza ndama na maziwa ya msimu mzima hutafuta sababu katika majani, katika hali ya hewa, hata katika jicho la jirani. Kumbe yamkini sababu imelala hatua kumi kutoka hori.

Kwa Waislamu, ambao Tukuyu wamekuwako tangu siku za wafanyabiashara na askari wa boma, lile boma ambalo Wajerumani waliliita Neu Langenburg, jambo hili lina hukumu yake kabla ya elimu ya minyoo. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa katika pwani yetu yote, mbwa ni najisi nzito, na kilichopatwa na umajimaji wake huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Na hata Imamu Malik, ambaye humhesabu mbwa aliye hai kuwa tohara, hakukitoharisha kinyesi chake. Mwenye kulazimika kukiondoa ana haja ya chombo kitakachomweka mbali, ili nguo yake ya sala isiguswe. Basi hapa sharia na tiba zimefika katika shauri moja.

Miji mikubwa ya ng'ambo imelihangaikia jambo hili kwa sheria na kwa fedha. New York ilianza kuwalazimisha wenye mbwa kukizoa kinyesi kwa sheria iliyotiwa nguvu tarehe 1 Agosti 1978, na miaka minne baadaye Paris ilitoa pikipiki zenye mrija wa kufyonza, dereva akikaa juu ya kiti bila ya kushuka, mpaka zikaachwa mwanzoni mwa karne hii kwa wingi wa gharama zake. Njia iliyoenea siku hizi huko ni mfuko wa plastiki uliovishwa mkononi kama glovu: mtu huinama, akashika, akaugeuza mfuko. Njia hiyo haitufai kwa sababu mbili. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, na serikali ilikuwa na haki kufanya hivyo. Ya pili ndiyo kubwa zaidi: mfuko humtaka mtu ainame, na mkono wake utengwe na uchafu kwa unene wa karatasi tu.

Kuinama si jambo dogo kama vijana wanavyodhani. Mwanamke wa Rungwe aliyefika miaka sitini amebeba mikungu ya ndizi kupandisha milima ambayo gari haliipandi, ameinama juu ya jembe, amesimama siku nzima katika mashamba ya chai na kikapu mgongoni, na kiuno chake kinadai malipo ya yote hayo kila asubuhi ya baridi ya Juni na Julai. Mwenye mimba ana uzito wake. Mzee mwenye magoti mabovu akiinama huenda asiinuke bila ya kushikwa. Ukiwaambia watu hawa kwamba usafi wataka wainame mara nne au tano kabla ya chai ya asubuhi, umewapa amri wasiyoiweza, na amri isiyowezekana huachwa na mwenye kuamriwa bila ya yeye kuwa mkaidi. Nimewasikia maafisa wakiwalaumu watu kwa uvivu katika jambo hili. Mimi naona lawama hiyo imeelekezwa pasipo. Palipokosekana chombo, tabia njema haina pa kushika.

Na chombo chenyewe si kigumu kupatikana. Twaa dumu la plastiki la lita tano, au debe la mafuta kwa mwenye nalo, ulikate kwa upana wake mahali palipo shubiri moja kutoka kitakoni, kisha ulilaze ubavu: kile kitako kimekuwa ukuta wa nyuma, ubavu mmoja umekuwa sakafu, na mahali ulipokata pamekuwa mdomo. Toboa tundu katika ubavu wa juu, karibu na ukuta wa nyuma, upitishe mwanzi mkavu, uukaze kwa waya na msumari. Mwanzi hauna uhaba katika nchi ambayo nyumba zake za asili zilijengwa kwa mianzi. Ni mwepesi, hauozi upesi, na urefu wake na ufike baina ya kiuno na kifua cha mwenye kuutumia, si cha aliyeutengeneza. Hicho ndicho kizoleo. Mkono wa pili na ushike jembe lililolika, lile ambalo halilimi tena, lililotiwa mpini mrefu kama ule wa kwanza. Mtu husimama wima, akauweka mdomo wa kizoleo mbele ya kinyesi ukigusa ardhi, akakivuta kwa jembe pamoja na unyoya mwembamba wa udongo wa chini yake, kwa kuwa udongo huo ndio uliobeba mayai. Anayetaka cha kudumu zaidi na amwendee fundi bati wa sokoni Tukuyu, amtengenezee kisanduku chenye sakafu na kuta tatu, bila mfuniko wala ukuta wa mbele. Bati la mabaki latosha.

Mambo mawili huirahisisha kazi hii, nayo yote yapo nyumbani. La kwanza ni jivu la jikoni: kinyesi kilicholegea kikinyunyiziwa jivu na kuachwa kwa muda wa kufagia upande mwingine wa uwanja, hushikamana na kuvutika bila ya kupaka. Jivu haliui mayai ya minyoo, na asiliamini mtu kwa hilo. La pili ni jani kavu la mgomba, ambalo hutandikwa ndani ya kizoleo kabla ya kuzoa. Kinapomiminwa shimoni, jani huteleza pamoja na ulichokizoa, na chombo hubaki karibu safi. Baadaye humwagiwa maji yanayochemka, kwa maana moto ndio unaoyaua mayai hayo kwa yakini, na maji hayo yamwagwe shimoni, si uani. Vyombo vya namna ya koleo lenye springi, ambavyo huuzwa madukani katika miji ya ng'ambo na humfaa mtu mwenye mkono mmoja, ni vizuri, walakini springi yake katika unyevu wa Tukuyu itashika kutu kabla ya mwaka kwisha.

Likabaki swali la mahali pa kutupa, na hapa ndipo juhudi nyingi zinapoharibika. Wapo wanaokipeleka kinyesi cha mbwa migombani pamoja na samadi, kwa kufikiri kuwa mbolea ni mbolea, na wapo wanaokitia katika lundo la mboji ya bustani. Mboji iliyotengenezwa kitaalamu hupata joto linaloweza kuua mayai, lakini lundo la kawaida la nyumbani, katika baridi na mvua za huku, haliaminiki kulipata joto hilo ndani yake lote. Basi kisitiwe katika mboji ya mchicha, kabichi wala vitunguu, wala kisitupwe katika majani ya ng'ombe. Choo cha shimo kinafaa kabisa. Asiyependa kukipitisha chooni na achimbe shimo la peke yake lenye kina cha mita moja au zaidi, lisilopungua mita thelathini kutoka kwenye chemchemi au kisima, upande wa chini wa mteremko, lenye mdomo mwembamba na kifuniko cha ubao kinachosukumika kwa ncha ya mpini. Kila kitakachotiwa kifunikwe kwa udongo kidogo. Likijaa lifukiwe, na papandwe mti.

Yote haya yatapungua uzito ikiwa chanzo kitapunguzwa. Mbwa asipewe ini wala pafu lenye malengelenge, iwe machinjioni Tukuyu au katika sherehe ya nyumbani. Kondo la nyuma lizikwe kwa kina asichoweza kukifukua. Na bwana mifugo aulizwe juu ya dawa za minyoo, ambazo bei yake ni ndogo ikilinganishwa na ndama mmoja. Mbwa pia hufundishika. Kwa tabia yake hurudia mahali alipokwenda haja jana kwa kufuata harufu, na anayeacha kwa makusudi sehemu moja nyuma ya nyumba, mbali na hori na mboga, akampeleka hapo kila alfajiri tangu angali mdogo, atazoa mahali pamoja badala ya kuzunguka uwanja wote.

Nalielekeza ombi langu kwa serikali za vijiji na kata, na kwa mabwana afya na mabwana mifugo wa wilaya. Mbwa hukusanywa vijijini kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa, na siku hiyo wenye mbwa wote husimama mahali pamoja wakingoja zamu. Ni siku iliyo tayari, isiyotaka posho wala mkutano mpya. Afisa na aje na kizoleo kimoja cha dumu na jembe moja lenye mpini mrefu, awaonyeshe watu namna ya kukikata, kukifunga na kukitumia mtu akiwa amesimama, kisha akiache kwa balozi wa nyumba kumi ili kila anayetaka kukiiga aje akipime. Na wewe msomaji uliye na mbwa na mzee nyumbani, usimngoje afisa: mkatie kizoleo chake wiki hii, na mpini wake uupime kwa kimo chake yeye.